Kopo la Nne Kabla ya la Tatu

Waliomjia Mama Makopo Jumatano ile mchana walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wamejifunga shali shingoni, ingawa jua lilikuwa kali kiasi cha kuwahamishia mbwa wa mtaa mitaroni. Mama Makopo aliwaona kupitia dirishani wakikwepa dimbwi la maji ya kufulia, akajua papo hapo kwamba ni watu wa sinema. Hakuwajua watu wengine wa kuvaa shali kwenye joto ili waonekane wanafikiri.

"Wageni wako hao," binti yake alisema, mguu wake bado ukikanyaga cherehani. "Wale wa filamu za watu kukaa kimya."

"Nyamaza, watakusikia."

"Si ndiyo maana nimesema."

Aliyetangulia aliitwa Profesa. Hakuwahi kufundisha hata darasa la watoto wadogo. Aliuza bima mpaka akastaafu. Jina hilo alilipata kwenye Sinema ya Kona, ambako kwa miaka mingi alikuwa akisimama kila filamu ilipokwisha, watu wakiwa bado wanapapasa viatu vyao gizani, na kuwaeleza walichokuwa wamekiona. Nyuma yake alikuja mwanamke mrefu mwenye daftari, katibu wa kamati, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuitikia.

"Shikamoo, mama," Katibu alisema.

"Marahaba. Karibuni mkae. Hicho kiti cha kulia mguu wake mmoja si mzima, Profesa, kaa kwa adabu."

Profesa alikaa kwa adabu. Akatoa kitambaa, akajifuta uso, akatazama dari kama mtu aliyeitwa na malaika. "Mama Makopo," akasema, "tumeamua kuikumbuka Kona."

Sinema ya Kona ilikuwa ukumbi mdogo nyuma ya gereji, pale barabara inapojikunja. Kumbi nyingine za mji zilionyesha filamu za risasi na za kucheza ngoma, nazo zilijaa. Kona ilionyesha zile za zamani na za mbali ambazo wengine walizikataa, na ilizirudia. Filamu moja iliweza kurudi mara tatu kwa mwaka kama mgeni asiye na kwao. Mume wa Mama Makopo, aliyejulikana kwa kila mtu kama Fundi, ndiye aliyeendesha mitambo. Mama Makopo ndiye aliyebeba makopo ya filamu kutoka stesheni ya mizigo, makopo ya bati mapana kama sinia, akayafuta, akayapanga, akamwekea mumewe mkanda kwenye mtambo wa pili huku wa kwanza ukiendelea kuzunguka. Kwa miaka ishirini na miwili hakuandikwa kwenye orodha yoyote ya wafanyakazi. Jina la Makopo ndilo lililokuwa barua yake ya ajira.

Ukumbi ulifungwa miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa ulikuwa duka la magodoro.

Na sasa, baada ya kuzikwa, ulikuwa umepata wapenzi. Mama Makopo alikuwa amewasikia redioni wakiulilia. Waliikumbuka ile harufu ya pekee ya Kona, iliyokuwa harufu ya mkojo wa panya. Walivikumbuka viti vyake vyenye tabia, ambavyo tabia yake ilikuwa kuchana suruali. Walisema mtaa mzima ulikuwa ukimiminika pale. Alhamisi njema walimiminika watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuja kulala. Ukumbi ulipokaribia kufungwa, Profesa mwenyewe alikuwa hajaonekana kwa mwaka mzima, kwa sababu alikuwa amenunua televisheni. Lakini ukimsikiliza leo ungedhani alifungiwa mlango akiwa amekishika kitasa, machozi yakimtiririka.

"Jumamosi, saa kumi alasiri," Profesa aliendelea, "mle mle ukumbini. Mwenye magodoro amekubali. Tutakumbushana, halafu tutaitazama tena ile filamu ya ndugu wawili."

Cherehani ikasimama. Mama Makopo akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Na kuna kibao," Katibu akasema.

"Kibao," Profesa akaitikia, safari hii zamu ikiwa yake. Akafungua karatasi aliyokuja nayo na kumkabidhi. Yalikuwa maneno ya kwenye kibao cha mbao, cha kutundikwa mlangoni pa lile jengo. Mama Makopo alivaa miwani. Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na tatu, darasa la jioni, na mpaka leo alisoma kwa kidole, bila aibu, kama mtu anayehesabu ngazi za nyumba ngeni. Juu kabisa aliliona jina kamili la mumewe: lake, la baba yake na la babu yake. Chini yake paliandikwa: *Fundi wa mitambo, aliyetuonyesha filamu ya ndugu wawili kama ilivyokusudiwa na mtengenezaji.*

Alisoma mstari wa mwisho mara mbili.

"Tunakuomba jambo dogo tu," Profesa alisema, na sauti yake ikalainika kama ya mtu anayeuza bima ya mazishi. "Kuna watu huko ilikotengenezwa filamu wameandika kwamba nakala sahihi ina mpangilio mwingine. Wanasema tulichokiona Kona hakikuwa sahihi. Kitabu changu, kama unavyojua, kimejengwa juu ya mpangilio ule. Sasa, shahidi aliyebaki ni wewe. Uliyashika makopo kwa mikono yako. Ukisimama Jumamosi ukasema yalikuja vile, ukatia saini kwenye hii barua, basi. Maneno yamekwisha, na kibao kinapanda."

"Na nisiposema?"

Profesa alicheka kidogo. "Kwa nini usiseme?"

*

Hii ndiyo sababu.

Miaka thelathini na moja nyuma, Fundi alipatwa na homa kali siku ambayo filamu ya ndugu wawili ilikuwa inaanza. Mwenye ukumbi hakutaka kuahirisha, na Fundi akamwambia mkewe aende aiendeshe mwenyewe, kwani kazi ya mkono aliijua yote. Ambacho hakukijua ni herufi. Mwanzo wa kila mkanda palikuwa na maandishi ya kueleza ni sehemu ya ngapi, lakini kwake yale yalikuwa njia za mchwa. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao: filamu ikifika, Fundi aliisoma, akachora mistari ya chaki kwenye vifuniko vya makopo. Mstari mmoja kopo la kwanza, miwili la pili, mpaka mitano. Hapakuwa na fundi mwingine mjini aliyefanya hivyo. Ulikuwa utaratibu wa mume na mke.

Siku ile Fundi alichora mistari kitandani, akitetemeka. Mkewe aliyafikisha makopo ukumbini, akayaona yana vumbi la stesheni, na kwa kuwa hakupenda uchafu, aliyafungua yote, akayafuta ndani na nje, akavirudisha vifuniko. Cha kopo la tatu akakiweka kwenye la nne, cha la nne akakiweka kwenye la tatu.

Filamu ilihusu fundi saa na mdogo wake. Katika kopo la pili mdogo mtu anaandika barua kwamba anarudi nyumbani. Katika la tatu anafika, wanakula, wanagombania kitanda cha baba yao, na mdogo anaugua. Katika la nne anazikwa. Katika la tano kaka anauza nyumba na kupanda treni. Hadithi ya kawaida, na kusema kweli, ya kuchosha.

Jioni ile, barua iliandikwa, na mara watu wakajikuta makaburini. Mama Makopo alidhani labda ni filamu za namna hiyo. Kisha akabadilisha kwenda mtambo mwingine, na marehemu akaingia mlangoni na begi, akaketi, akala sahani mbili. Mama Makopo alishika ukuta. Alimwomba Mungu mtambo uharibike, umeme ukatike, lolote. Umeme, ambao ulikuwa ukikatika kila wiki, siku ile haukukatika. Yule mtu aliyezikwa akagombania kitanda mpaka mkanda ukaisha.

Taa ziliwaka. Mama Makopo alichungulia kwenye kidirisha, akingoja kuzomewa. Ndipo Profesa akasimama. Akasema kwamba tangu aanze kutazama filamu hajawahi kuona mtengenezaji mwenye ujasiri kama huu: kumzika mtu kwanza, kisha kumrudisha mezani, kwa sababu katika kumbukumbu wafu huwa hai zaidi baada ya kuzikwa. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja alilia. Siku ya pili mwenye ukumbi aliongeza wiki moja.

Alipomweleza mumewe, Fundi hakumkasirikia. Aligeukia ukuta. Yeye alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kubadilisha mtambo hata kwa pumzi moja. Alama ndogo ya kuonyesha mkanda unakaribia kwisha ilipotokea kwenye kona ya picha, mkono wake ulikuwa tayari. Homa ilipomwachia, alikwenda kwa mwenye ukumbi akamwambia makopo yamechanganyika, kosa ni lake yeye Fundi. Mwenye ukumbi alimwambia aache hivyo hivyo, watu wameipenda, na asilete ufundi wake pale. Hivyo kwa siku zote zilizobaki Fundi aliionyesha kwa makosa, kila jioni, mara mbili Jumamosi, uso wake ameugeuza pembeni. "Najiona kama sijui kazi," alimwambia mkewe mara moja tu. "Na wanaonisifu, wanasifu kosa." Alilinyamazia jambo hilo mpaka kufa kwake, ili mkewe asitolewe kwenye kile chumba.

Profesa akaandika kitabu. Mama Makopo alipomaliza darasa la jioni alikiazima, akakisoma kwa kidole kwa miezi miwili. Kilikuwa kitabu cha kwanza maishani mwake kukimaliza, na sura ndefu kuliko zote ilihusu vile vifuniko viwili, bila mwandishi kujua.

*

Siku ya Alhamisi, Mama Makopo aliamka kabla ya alfajiri akasali kama kawaida yake. Hakuomba aonyeshwe lililo kweli, kweli aliijua. Aliomba nguvu, na alipomaliza hakuzihisi, akaenda hivyo hivyo nyumbani kwa Profesa.

Sebule ya Profesa ilikuwa imejaa picha za watu wenye huzuni. Alimweleza yote: homa, chaki, vumbi, vifuniko. Hakuacha kitu. Profesa alimsikiliza ameshika kikombe cha chai, na chai ikapoa.

"Nani mwingine analijua hili?" aliuliza mwisho.

"Mungu, mume wangu, na mwenye ukumbi, naye alishakufa."

Profesa alifikiri. "Basi hao hawamo kwenye orodha ya Jumamosi."

Mama Makopo alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa amepumua kwa nafuu. Ndipo alipomjua barabara. Miaka yote alidhani huyu ni mjinga aliyedanganyika, na mjinga unaweza kumwombea. Kumbe alikuwa mtu ambaye kweli imeingia sebuleni kwake, imeketi mbele yake, imekunywa chai yake, na yeye anatafuta namna ya kuifungulia mlango wa nyuma.

"Kitabu kinatoka mara ya pili," Profesa alisema. "Na kibao kimeshachongwa, Mama Makopo. Jina la mzee liko tayari. Mbao ngumu, itadumu kuliko sisi. Unataka nikiweke stoo?"

"Andika jina lake na kazi yake. Huo mstari wa chini uondoe."

"Bila huo mstari alikuwa mtu wa kubonyeza swichi tu. Watu hawatundiki vibao kwa ajili ya swichi."

Mama Makopo aliaga. Mkono wa Profesa ulikuwa laini na baridi kama unga uliokandwa tangu jana.

Nyumbani, binti yake alimsikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Saini," alisema.

"Mwanangu."

"Saini, mama. Baba alifanya kazi kwenye chumba chenye joto la tanuri kwa miaka ishirini na mbili, akafa, hata picha gazetini hakupata. Leo wanataka kuliweka jina lake mlangoni, wewe unawaletea habari za vifuniko. Nani anajali vifuniko?"

"Yeye alijali."

"Yeye hayupo."

"Ndiyo maana hawezi kujitetea. Kile kitu alichokionea aibu kuliko vyote ndicho hicho wanataka kumtundikia shingoni. Kila atakayepita pale atasoma kwamba huyu ndiye aliyeonyesha vile. Kwa kujivunia."

"Watakaopita pale ni wanunuzi wa magodoro, mama. Watasoma bei."

Mama Makopo alitaka kucheka, akajizuia. Binti naye aliinamisha kichwa kwenye kitambaa, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi nilitaka tu kupita siku moja na wanangu nikawaambia, yule pale babu yenu."

Hilo ndilo lililomkata maini. Usiku na mchana wa Ijumaa alilibeba. Angeweza kusimama akasema maneno kumi, na mtu wake angekaa mlangoni kwa miaka. Uongo wenyewe haukuwa wa kumwibia mtu wala kumuua. Alijaribu kuuweka kwenye sala, kimya kimya, kuona kama utapita. Kila alipofika mahali pa kusema nashuhudia, uongo ulikwama.

*

Jumamosi magodoro yalisukumwa ukutani, na wageni wakaketi juu yake yakiwa bado kwenye nailoni. Walikuja watu kama sitini, wengi ambao Mama Makopo hakuwahi kuwaona Kona hata siku ya mvua. Kila mtu alipohema kwa hisia, nailoni ililia chini yake. Jioni hiyo ilihemwa sana.

Walikumbuka kwa zamu. Bwana mmoja wa shali ya kijani alisema Kona ilimfundisha kunyamaza, akalisema hilo kwa dakika kumi na mbili. Mwingine alikumbuka jinsi alivyokuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na chumba cha mitambo, akisikia ule mlio wa mkanda, mlio wa roho yake. Mama Makopo alimkumbuka. Alikuwa akija kugonga mlango kila mara kulalamika kwamba mtambo una kelele. Mwalimu mstaafu mwenye fimbo alisema tu kwamba alikuwa akija Alhamisi kwa sababu nyumbani kwake palikuwa na ugomvi, na pale hapakuwa. Huyo ndiye pekee ambaye Mama Makopo alimwitikia kwa kichwa.

Maana naye alipapenda. Hakuna aliyemuuliza, lakini alipapenda. Alipenda chai ya chupa waliyokunywa kwa kifuniko kimoja, mwanga uliompiga mumewe usoni mtambo ulipofunguliwa, na namna alivyonyoosha vidole viwili bila kugeuka, maana yake lete. Hivyo vyote vilikuwa vyao. Kuviona vikipitishwa leo mikononi mwa watu hawa, kama sahani ya biskuti, kulimfanya ajisikie ameingiliwa chumbani.

Kibao kilikuwa mezani, kimefunikwa kitambaa chekundu. Profesa alieleza kitabu chake, akaeleza watu wa mbali wanavyotaka kutunyang'anya filamu yetu, kisha akasema, "Lakini shahidi tunaye." Katibu akamletea Mama Makopo barua na kalamu, kipaza sauti mkono wa pili.

Alisimama. Binti yake, aliyekaa godoro la mbele, alimtazama bila kupepesa.

"Mimi ni mke wa Fundi," alisema. "Makopo niliyabeba mimi. Yalikuja yamepangwa vizuri, moja mpaka tano. Mimi ndiye niliyeyachanganya. Nilikuwa sijui kusoma, nikafuta vumbi, nikarudisha vifuniko vibaya. Yule mtu alitakiwa aje, ale, halafu afe. Nyie mlimwona amekufa halafu anakula kwa sababu yangu. Mume wangu aliomba irekebishwe, akakataliwa. Kwa hiyo sitii saini. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo."

Nailoni ilinyamaza ukumbi mzima.

Mwanamke mmoja wa katikati alinyoosha mkono polepole. "Lakini mimi nililia."

"Ulilia, dada. Sijasema hukulia."

"Sasa nililia nini?"

"Hilo siwezi kukujibia."

Minong'ono ilianza, na Profesa akauchukua ule upande alioushika vizuri siku zote, upande wa kueleza. Alitabasamu. Akasema wageni wameshuhudia jambo kubwa kuliko walilolitarajia. Kwamba sanaa wakati mwingine hupita kwenye mkono usiojua. Kwamba mkono wa Mama Makopo siku ile uliongozwa.

"Uliongozwa na nani?" Mama Makopo aliuliza.

"Na kitu kilicho juu yetu."

"Huyo nilikuwa namwomba auzime mtambo, Profesa, na hakuuzima. Usimsingizie. Mkono wangu ulikuwa na kitambaa cha vumbi."

Watu wachache walicheka. Profesa hakucheka. Akamwinamia kidogo kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akawageukia wageni, na kwa upole mkubwa akasema kwamba miaka thelathini ni mingi, mama yetu amekula chumvi nyingi, na kumbukumbu za wazee tunaziheshimu hata zinapoteleza.

Na hapo ndipo walipopiga makofi. Walipiga kwa nguvu, kwa nafuu, wengine wamesimama. Mama Makopo aliziangalia nyuso hizo zilizofurahi na hakuona hata moja iliyokuwa ikijiuliza kitu. Watu sitini walikuwa wameletewa kweli mkononi, bure, na mwenyewe aliyeibeba, nao wameipigia makofi ili ikae chini. Aliirudisha barua mezani bila saini. Katibu alikiinua kibao, kitambaa chekundu kikamteleza mpaka herufi zikaonekana, akakifunga tena, akakiweka chini ya meza karibu na miguu yake.

Binti alisimama, akaja mpaka mezani. Mama Makopo alijiandaa kwa lolote.

"Hicho kibao mtakifanyia nini?" binti alimuuliza Katibu.

"Tutakichonga upya, dada. Kwa jina la mwandishi wa kitabu."

"Basi mwambieni seremala anyooshe herufi. Zile za chini zimelala kama zimelewa." Akauchukua mkoba wa mama yake, akautia begani kwake. "Tutoke, mama. Hapa joto."

Walipofika nyuma ya ukumbi, mwenye magodoro alikuwa amesimama peke yake karibu na ngazi, amekunja mikono. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini hivi, na kwa jioni nzima hakuwa amesema neno zaidi ya kuwaomba watu wasichome nailoni kwa sigara.

"Shikamoo, mama. Samahani. Huyo mzee wako alikuwa akifanyia wapi kazi hasa?"

"Marahaba. Juu hapo."

"Kile chumba? Mimi nilijua ni cha mlinzi. Nimejaza mito."

"Panda nikuonyeshe."

Walipanda watatu, binti nyuma akimshika mama yake kiwiko. Walisogeza mito. Kulikuwa na joto lile lile. Mama Makopo alimwonyesha mahali mitambo miwili ilipokuwa imefungwa sakafuni, mashimo manne ya boliti hapa, manne pale, na rafu ya makopo, na kidirisha kidogo ukutani kwa kila mtambo. Alimwonyesha jinsi mkanda ulivyopitishwa, juu, chini, unaacha kitanzi kidogo, kisha juu tena. Vidole vyake vilikumbuka bila kuulizwa. Mwenye magodoro alifuatisha kwa vidole vyake vinene, akakosea kitanzi, akarudia.

"Na kama kitanzi ni kifupi?"

"Unakatika. Watu wanapiga miluzi."

Chini taa zilizimwa. Profesa alikuwa amemlipa kijana wa kompyuta kuikata ile nakala sahihi na kuipanga upya, kama walivyoizoea. Mwenye magodoro aliinama kwenye kidirisha kimoja, Mama Makopo na binti yake wakagawana kile kingine. Walitazama barua ikiandikwa. Walitazama mazishi. Kisha mlango ukafunguka, na yule mtu akaingia na begi lake, akavuta kiti, akaanza kula. Kutoka chini, ukumbi mzima ulihema, na nailoni ikalia.

Mwenye magodoro aliondoa jicho kwenye kidirisha. "Huyu si wamemzika sasa hivi?"

"Wamemzika."

"Sasa mbona anakula?"

"Nimekwambia. Nilichanganya vifuniko."

Aliinama tena, akatazama marehemu akiongezewa sahani ya pili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia kwa mkono mdomoni, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani, kisha tumboni, mpaka ikabidi akae kwenye mito. "Na wale pale chini wanalia," alisema. "Mama, wanalia."

"Wanalia," alisema Mama Makopo, na naye ikamshinda. Binti alimshika asianguke, akicheka pia, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo lazima ilisikika chini, akauliza ni kitanda kipi hicho wanachogombania na mmoja wao ana kaburi.

Kutoka gizani shali moja iligeuka, ikawaambia kwa hasira: "Shhh."